Mazungumzo ya Jioni: Kenge Mkuu wa Kisiwa cha Komodo

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari za mnyama ambaye wengi wenu hamtamwona kwa macho maisha yenu yote, na hata sisi hatujapata kumwona isipokuwa katika picha. Lakini ndugu yake mdogo mwamjua sana, maana hupita mitoni na mashambani mwetu, naye ni kenge. Na kabla hatujasema habari za yule mkubwa, hatuna budi kuungama jambo moja juu ya huyu mdogo, kwa kuwa ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Wakati wa masika yaliyopita, siku ya Jumapili baada ya mafundisho, wavulana sita wa shule yetu walikuja barazani petu wakiimba. Walichukua ufito mabegani, na katika ufito alining'inia kenge wa maji aliyekufa. Walikuwa wamemkuta ukingoni mwa kijito, wakamzingira, wakampiga mawe hata akafa. Walituamkia kwa adabu, nasi tukawaitikia, kisha mkubwa wao akasema kwa furaha, "Mwalimu, tumemwua yule mwenye kinywa cha uozo, uliyetufundisha habari zake."

Tulishtuka, lakini hatukuweza kukana. Ni kweli, katika somo la wanyama tulikuwa tumewaambia watoto kwamba mbali sana, katika visiwa vya mashariki, yuko kenge mkubwa kuliko kenge wote. Na kwamba kinywa chake ni kichafu mno, hata akimwuma nyati, uozo wa mate yake ndio uuao. Tulilisoma jambo hilo zamani katika kitabu, tukalihubiri kama tulivyolisoma. Watoto wakasikia habari za mkubwa, wakamhukumu mdogo.

Palikuwapo barazani msichana mdogo, hajatimiza miaka minane. Akamtazama yule kenge, akauliza, "Mwalimu, alifanya kosa gani?" Kabla hatujajibu, bibi mmoja jirani yetu akasema, "Mjukuu wangu, amekula vifaranga vyangu vitatu. Hilo ndilo kosa lake." Nasi hatukuweza kumpinga Bibi, maana kenge hula vifaranga na mayai ya kuku, na hasara ya mjane si jambo la kuchekwa. Lakini wavulana walipompasua yule kenge wapate ngozi ya kuwambia kigoma, waliona tumboni mayai meupe mengi sana. Wimbo ukakoma. Walisimama kimya wakiyatazama, na swali la yule mtoto likabaki pale barazani bila jibu.

Tulilala na swali lile. Siku zilizofuata tukatafuta vitabu vilivyo vipya kuliko kile chetu cha zamani, tukauliza kwa wenye kujua, na kadiri tulivyosoma ndivyo tulivyoona haya. Jumapili ya pili yake tuliwakusanya watoto wale wale, tukawaambia, "Wanangu, mwalimu wenu aliwafundisha lisilo kweli. Leo tutajifunza upya pamoja." Haya tunayoyaandika ndiyo tuliyowaambia, nasi twayaandika ili ninyi mlio wazazi mpate kuwasimulia watoto wenu jioni baada ya sala.

Kwanza, nchi yake. Ukitoka pwani yetu ya Afrika, ukaivuka Bahari ya Hindi kuelekea mawio ya jua, utafika nchi ya Indonesia, yenye visiwa maelfu mengi. Kati ya kisiwa cha Sumbawa na kisiwa cha Flores pana visiwa vidogo, na kimoja chao chaitwa Komodo, na kingine Rinca. Huko ndiko kwao, pamoja na visiwa viwili vidogo zaidi, Gili Motang na Nusa Kode, na sehemu chache za Flores. Ulimwenguni kote hapana mahali pengine aishipo porini. Watu wa Flores walio wengi ni Wakristo kama sisi. Na watu wa kijiji cha Komodo ni Waislamu, wavuvi, waishio katika nyumba zilizojengwa juu ya nguzo.

Msidhani kwamba ni nchi ya misitu minene na mvua ya kila siku. Ni nchi kavu yenye jua kali. Mvua hunyesha miezi michache tu ya mwaka, kisha majani ya vilimani hukauka yakawa rangi ya manyoya ya simba. Juu ya vilima imesimama mitende mirefu iliyo jamaa moja na mivumo yetu, na mabondeni iko mikwaju, ile ile tuijuayo. Tulipowaambia watoto haya, mmoja alisema, "Kumbe ni kama kwetu wakati wa kiangazi." Naam, si mbali na ukweli. Mtoto akiisha kuiona nchi moyoni mwake, mnyama aishiye humo hawi tena kitu cha kutisha cha ndotoni, bali huwa kiumbe mwenye kwao.

Pili, jina lake na umbo lake. Wazungu humwita joka la Komodo, lakini si joka, wala hatoi moto kinywani. Wenyeji humwita ora. Ni kenge kweli kweli, na wataalamu humweka katika jamaa moja na kenge wetu, iitwayo Varanus. Wenyeji walimjua tangu zama za mababu zao. Lakini katika vitabu vya elimu aliandikwa kwanza mwaka 1912, na aliyemwandika ni Peter Ouwens, msimamizi wa nyumba ya makumbusho ya wanyama huko Buitenzorg, mji wa kisiwa cha Java ambao leo huitwa Bogor. Basi ndiye mjusi mkubwa kupita mijusi yote iliyo hai. Dume aliyekomaa aweza kufikia urefu wa meta 3, yaani futi 10, na uzito wa kilo 70 na zaidi.

Ili watoto waelewe, tulichukua kamba, tukaipima meta 3, tukainyosha katika uwanja wa shule. Tukawaambia walale chini karibu na kamba, mmoja mmoja, miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Watoto wawili walilala, na wa tatu akaingia hata kiunoni. Wakaondoka wakikung'uta mavumbi, na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena ukubwa wake. Twawasihi walimu wafanye hivyo, maana hesabu itajwayo kwa kinywa husahauliwa, lakini hesabu iliyolaliwa mavumbini haisahauliki.

Ngozi yake ni ya magamba magumu, na ndani ya ngozi mna vijifupa vingi vilivyoungana kama dirii ya askari wa zamani. Ulimi wake ni mrefu, wa manjano, umegawanyika ncha mbili kama wa nyoka. Huutoa na kuutikisa hewani, naye hafanyi hivyo kwa ufidhuli, bali ananusa. Ulimi huchukua harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilicho katika kaakaa lake, na kwa njia hiyo aweza kujua mahali penye mzoga ulio mbali maili kadhaa. Meno yake ni kama 60, yamepinda nyuma, na kingo zake ni kama msumeno. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba ncha na kingo za meno hayo zimefunikwa utando mwembamba wenye chuma, nao huyapa rangi ya machungwa. Chuma ndani ya jino! Wavulana waliposikia hayo, hata wale waliokuwa wakisinzia waliamka.

Chakula chake ni kulungu wa huko, nguruwe mwitu na nyati, pamoja na mizoga. Huvizia kando ya njia za wanyama, ametulia kama gogo. Akikamata mnyama hula upesi sana, na kwa mlo mmoja aweza kumeza chakula kinachopita robo tatu ya uzito wa mwili wake mwenyewe. Kisha hulala juani siku nyingi bila kuhitaji kula. Akila mizoga husafisha nchi, kama fisi na tai wafanyavyo kwetu. Tusimdharau afagiaye uwanja.

Sasa tunafikia masingizio mawili. Sikilizeni vizuri, maana ndiyo kiini cha mazungumzo yetu.

Singizio la kwanza ni la uziwi. Sisi wenyewe husema juu ya mtu mkaidi kwamba ni kama kenge, hasikii hata atokwe na damu masikioni. Na juu ya kenge wa Komodo wataalamu kadhaa wa zamani walidhani vivyo hivyo, kwamba ni kiziwi, kwa sababu walipiga kelele karibu naye asigeuke. Lakini mwaka 1927 kenge wawili wa Komodo waliletwa London katika bustani ya wanyama. Mlinzi wa nyoka na mijusi wa bustani ile alikuwa mwanamke, jina lake Joan Procter, mtu mwenye maradhi tangu ujana wake. Yeye alimzoeza mmoja atoke kuja kula kwa kuisikia sauti yake tu, hata alipokuwa hamwoni. Kumbe anasikia! Yule asiyegeuka kwa makelele ya wageni aligeuka kwa sauti ya aliyemlisha. Na mmoja wa wale wawili, aliyeitwa Sumbawa, alizoea watu sana, hata mwaka 1928 bibi yule alimleta katika mkutano wa wataalamu, akamlisha kwa mkono mbele yao.

Singizio la pili ni lile tulilolifundisha sisi. Mwaka 1969 mtaalamu mmoja wa Marekani, Walter Auffenberg, alihamia kisiwa cha Komodo pamoja na mkewe na watoto wao, wakakaa huko karibu mwaka mzima. Hakuna mtu kabla yake aliyewachunguza wanyama hawa kwa bidii namna ile, na kitabu chake cha mwaka 1981 kina faida kubwa hata leo. Lakini katika jambo moja alikosea. Aliona nyati walioumwa wakaponyoka, vidonda vyao vikaoza, wakafa baadaye. Akadhani kwamba uozo ulitoka katika kinywa cha kenge. Vitabu vingi vikalirudia neno hilo, nasi tukalirudia pia.

Hata mwaka 2009 Bryan Fry wa Australia na wenzake waliuchunguza tena mdomo wa mnyama huyu, wakaona katika taya la chini tezi zenye sumu. Sumu hiyo huzuia damu isigande, nayo hushusha nguvu ya mwendo wa damu mwilini, hata mnyama aliyejeruhiwa na meno yale hulegea. Kisha mwaka 2013 wataalamu wengine walipima vinywa vya kenge wa Komodo wafugwao katika bustani za Marekani, wasione humo wadudu wa uozo walio wa ajabu kuliko wa vinywa vya wanyama wengine walao nyama. Na vidonda vya nyati vilioza kwa sababu nyati aliyejeruhiwa hukimbilia madimbwi ya maji machafu, akasimama humo na majeraha wazi. Tena imeonekana kwamba kenge huyu akiisha kula hujilamba midomo muda mrefu, na kujipangusa kichwa kwa majani. Msichana wetu mdogo alisema, "Basi yeye husafisha kinywa kuliko kaka yangu." Watu wote wakacheka, na kaka yake pia.

Ndugu wasomaji, tuwaambie watoto wetu kwamba Bwana Auffenberg alikosea ingawa alikuwa mtu mwaminifu. Kukosea si aibu. Aibu ni kujua kosa na kuendelea kulisema. Nasi hatukuwa na udhuru kama wake, kwa kuwa yeye alikaa na mnyama mwaka mzima, na sisi tulikaa na kitabu jioni moja.

Sasa uzazi wake, ambao watoto waliupenda kupita yote. Jike hutaga mayai kama 20, aghalabu mwezi wa Septemba. Mara nyingi hutumia kichuguu kikubwa cha udongo na majani kilichoachwa na ndege mmoja afananaye na kuku, mwenye miguu ya rangi ya machungwa. Mayai hukaa ardhini miezi saba au minane, na watoto hutoka karibu na Aprili, wakati wadudu wamejaa nchini baada ya mvua. Kenge wetu wa maji naye hufanya mfano wa hayo: hutoboa kichuguu cha mchwa chenye mchwa hai, hutaga ndani, na mchwa wenyewe huziba tundu kwa udongo, mayai yakahifadhika humo. Tulipofika hapo wavulana sita walitazamana, nasi hatukuongeza neno.

Mtoto wa kenge wa Komodo atokapo yaini, urefu wake hupungua kidogo dhiraa moja, naye ana madoa ya rangi nzuri. Mara hukimbilia mtini. Kwa nini? Kwa sababu wakubwa wa kabila lake humla wakimpata. Basi miaka yake ya kwanza huishi juu ya miti, akila wadudu na mijusi midogo, hata akiwa mzito asiweze tena kupanda, ndipo ashukapo. Kwa hiyo mti kwa mtoto wa kenge ni nyumba na ngome. Ukiikata miti ya bonde lake, umewatoa watoto wake mbele ya meno ya baba zao.

Hatutaki kuwadanganya kwa upande wa pili, tukasema kwamba mnyama huyu ni mpole. Si mpole. Mwaka 2007 mvulana wa miaka minane aliuawa na kenge katika kisiwa cha Komodo, na wako watu wengine waliojeruhiwa au kuuawa. Wenyeji hukaa naye kwa tahadhari: wageni hufuatana na kiongozi mwenye fimbo ndefu ya panda, na nyumba huinuliwa juu ya nguzo. Lakini hawamchukii. Wanayo hadithi ya zamani ya binti mfalme, Putri Naga, aliyezaa mapacha, mmoja mwanadamu, aitwaye Gerong, na mmoja kenge, aitwaye Orah, wakalelewa mbalimbali. Gerong alipokuwa mtu mzima akiwinda, alikutana na kenge mkubwa, akainua mkuki. Mama yake akamtokea akamzuia, akimwambia kwamba huyo ni ndugu yake. Sisi hatuichukui hadithi hii kuwa sawa na Maandiko. Walakini twaona kwamba watu wale, ambao wangekuwa na sababu kubwa kuliko sisi ya kuinua mkuki, wamefundishana vizazi vingi kuushusha. Na sisi tuliopewa habari za Adamu akiwapa wanyama wote majina, na za agano la baada ya gharika, ambalo Mungu hakulifanya na Nuhu na wanawe tu, bali na kila kiumbe chenye uhai kilichotoka katika safina, je, tumewafundisha nini watoto wetu?

Tena yako ya kuhuzunisha. Mifupa iliyochimbwa Australia yaonyesha kwamba zamani za kale kenge hawa walikuwako huko pia. Leo wamebaki katika visiwa vile vichache tu. Kisiwani Padar, kilicho kati ya Komodo na Rinca, watu waliwinda kulungu kupita kiasi, na kenge wakatoweka hapo katika miaka ya 1970 kwa kukosa chakula. Serikali ya Indonesia ilitenga visiwa hivyo kuwa hifadhi mwaka 1980, na mwaka 1991 vikaandikwa katika urithi wa ulimwengu. Ijapokuwa hivyo, mwaka 2021 chama cha mataifa cha kuhifadhi viumbe, kiitwacho IUCN, kilimtaja kuwa yu katika hatari ya kutoweka. Wakubwa wanaoweza kuzaa walihesabiwa kuwa hawafiki hata 1,400 ulimwenguni kote. Chama kile kilionya kwamba kwa kuzidi kwa joto la dunia na kupanda kwa bahari, nchi imfaayo itapungua kwa sehemu 30 katika 100, au zaidi, katika muda wa miaka 45.

Labda mtu atasema, "Bahari ikipanda, si atahama? Si anajua kuogelea?" Naam, anajua. Lakini utafiti uliotangazwa mwaka 2018, wa wataalamu waliowafuata kenge hawa muda wa miaka kumi, ulionyesha kwamba hawapendi kabisa kuliacha bonde lao. Waliochukuliwa wakawekwa mbali katika kisiwa kile kile walirudi kwa miguu hata kwao. Waliovushwa mkono mwembamba wa bahari walikaa huko huko, wasijaribu kurudi kwa kuogelea. Kila mmoja ana bonde lake, nalo likiharibika hana pengine. Ndiyo maana twasema, anayetaka kumhifadhi mnyama aihifadhi nyumba yake kwanza.

Sasa turudi kwenye kijito chetu. Husemwa kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo. Lakini kenge wetu wa maji hufukua na kula mayai ya mamba. Yule tunayemtaja kuwa mfuasi wa mamba ndiye apunguzaye mamba katika mito tutekayo maji! Watu wataendelea kuitumia mithali hii, wala hatukatazi. Lakini mtoto ajue kwamba mithali ni moja na mnyama ni mwingine.

Na kwa habari ya vifaranga vya Bibi, hatukuona vema kuhubiri huruma mbele ya mtu aliyepata hasara bila kumsaidia. Tuliwaambia wale wavulana sita kwamba toba huonekana kwa kazi. Wakakata fito na miti, wakamjengea Bibi kizimba cha kuku kilichoinuliwa juu ya nguzo nne, kama nyumba za watu wa Komodo, na mlango wake hufungwa kabla ya jua kuchwa. Bibi alituambia, "Mwalimu, tangu siku ile sijapoteza hata kimoja. Lakini nikimwona kenge jikoni kwangu, nitampiga tu." Tukamjibu, "Bibi, jikoni ni kwako." Hatukuona haja ya kubishana zaidi.

Ndugu wazazi, msidhani kwamba tumetumia kurasa nyingi kwa ajili ya mjusi tu. Iko amri ikatazayo ushuhuda wa uongo. Yataja jirani, haitaji mnyama. Nasi twalijua hilo. Lakini mkono wa mtoto ni mmoja, na sikio lake ni moja. Wavulana wetu walisikia neno, hawakuuliza, wakaokota mawe. Leo ni kenge aliyesemwa kwamba ana kinywa cha uozo; kesho huenda akawa bibi mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, ambaye watu wamenong'ona juu yake. Katika nchi yetu mambo hayo yametokea, wala si mara moja, na waliookota mawe walikuwa watoto wa mtu fulani, waliofundishwa na mwalimu fulani. Kwa sababu hiyo twaogopa sana neno letu la siku ile. Mtoto na azoee kuuliza lile swali la yule msichana mdogo, "Alifanya kosa gani?", akiwa bado hajainama kuokota jiwe.

Kwa jioni za mwezi huu, tunawaombeni mfanye haya matatu. Pimeni kamba ya meta 3 mwaonyeshe watoto ukubwa wa kenge wa Komodo. Pili, waambieni watoto watazame kijito au bonde lililo karibu nanyi, wakitaja kila mnyama wamwonaye humo, na chakula chake, na mahali alalapo, bila kumgusa. Tatu, kila mmoja wa nyumbani, mkubwa kwa mdogo, aseme jambo moja alilokuwa akiliamini juu ya mnyama au juu ya mtu kwa kusikia tu, kisha akaona kwamba si kweli. Baba wa nyumba na aanze.

Na haya ni maswali ya watoto. Majibu yote yamo humu. Kenge wa Komodo huutikisa ulimi kwa sababu gani? Watoto wake huishi wapi, na wanamkimbia nani? Kwa nini kenge walitoweka kisiwani Padar? Ni nani aliyeonyesha kwamba kenge si kiziwi, na kwa njia gani? Mayai ya kenge wetu wa maji hulindwa na nani?

Walimu watakaojaribu somo hili shuleni, tutafurahi wakituletea habari za maswali ya watoto wao. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza habari za mchwa na vichuguu, maana wavulana wale sita wametuomba. Bwana azilinde nyumba zenu.